Matone Mia Moja

Chupa yenyewe ya matone ya macho ni ndogo, mililita 5, ukiifumbata mkononi haionekani. Niliwahi kukaa na kuipigia hesabu. Mililita moja hutoa takriban matone 20, kwa hiyo chupa nzima ina kama matone 100. Mimi nilikuwa nimeandikiwa tone moja mara nne kwa siku, jicho la kulia, siku 7. Matone 28. Hata ukijumlisha yale yaliyonidondokea shavuni, na lile moja lililoingia puani siku ya kwanza kabla sijajua kulenga, nilimaliza dozi nikiwa bado na zaidi ya nusu ya chupa. Hiyo nusu ndiyo iliyoniponza.

Mara ya kwanza nilikuwa na sababu ya kuitumia. Siku ya tatu mfululizo niliamka kope zimegandana kwa tongotongo, kingo zake zimevimba, na kila nikipepesa nahisi kama kuna mchanga. Daktari wa macho, mama mmoja asiye na maneno mengi, alinikalisha mbele ya darubini yake yenye mwanga mwembamba, akanitia tone la rangi ya chungwa, akazima taa na kunichungulia kwa mwanga wa buluu. Nilidhani ni utaratibu tu. Kumbe ile rangi ndiyo iliyokuwa na neno la mwisho siku ile, na nitarudi kwake baadaye. Aliporidhika akaniandikia matone yenye dawa mbili ndani ya chupa moja: tobramaisini, ambayo ni antibiotiki, na deksamethasoni, ambayo ni steroidi ya kutuliza uvimbe. Siku ya pili jicho likaanza kung'aa. Siku ya saba nikaacha kama nilivyoambiwa, chupa nikaitia kwenye droo. Nani hutupa dawa iliyomfaa?

Miezi mitano baadaye jicho la kushoto likaamka jekundu. Sikwenda popote. Nilifungua droo asubuhi, nikatia tone, jioni yake jicho limekuwa jeupe kama la mtoto mchanga. Nilijiona mjanja kweli. Siku mbili baadaye wekundu ukarudi, nikatia tena, ukaondoka tena. Basi nikazoea. Tone moja asubuhi kabla ya kutoka, siku nyingine mawili, siku nyingine nasahau kabisa. Mchezo huo ulikwenda wiki sita, na katika wiki hizo zote sikumbuki hata mara moja kujiuliza kwa nini dawa inayoponya inahitajika kila siku.

Kilichonikamatisha ni miwani. Nilikwenda kupima nipate lenzi mpya, na kabla ya kusoma zile herufi za ukutani hupitishwa kwenye mashine inayokupuliza hewa machoni kupima presha ya ndani ya jicho. Kijana aliyekuwa akipima alipuliza jicho la kushoto, akaangalia kioo chake, akapuliza tena. Alipopuliza mara ya tatu aliniomba nisubiri kidogo, akaenda kumwita mkubwa wake. Yule naye akanirudisha kwa daktari wangu wa macho siku hiyohiyo. Daktari alinitia ganzi na kupima upya kwa kifaa kinachogusa jicho lenyewe. Jicho la kulia, ambalo sikuwa nimelitia kitu kwa miezi, lilikuwa na presha ya milimita 16 za zebaki. La kushoto lilikuwa na 31. Kawaida ni kati ya 10 na 21.

"Mwanangu, unatumia dawa gani ya macho?" aliniuliza.

"Hakuna, daktari."

"Hata matone?"

"Aa, matone ninayo. Yale uliyonipa mwenyewe."

Nilimtolea chupa mfukoni kama mtu anayeonyesha kitambulisho. Aliigeuza, akaitafuta tarehe ya kufunguliwa, hakuiona kwa sababu sikuwa nimeiandika. Hakunigombeza. Alisema tu, "Haya yalikuwa ya jicho lile, la ugonjwa ule, wa mwezi ule." Kisha akavuta karatasi akaanza kunichorea jicho.

Nimejifunza mengi kutoka kwenye ule mchoro na kutoka kwenye kusoma kulikofuata, na jambo ambalo bado linanishangaza ni hili: ndani ya chupa ile moja kuna dawa mbili zenye tabia zinazopingana. Tobramaisini huwazuia bakteria kutengeneza protini wanazohitaji ili waishi. Deksamethasoni haiui chochote. Kazi yake ni kuuambia mwili upunguze vita: mishipa midogo ya damu ijikunje, chembe za kinga zisikimbilie pale, uvimbe ushuke, maumivu yapoe. Katika jicho, jambo hilo lina maana kubwa, kwa sababu wakati mwingine vita vyenyewe huharibu kuliko adui. Konea, yaani kile kioo cha mbele kinachopitisha mwanga wa kila tunachokiona, ikipata kovu katikati haina pa kulificha. Ndiyo maana daktari akiona uvimbe unaohitaji kutulizwa, na pembeni yake kuna maambukizi ya bakteria au hofu ya maambukizi, huziunganisha dawa hizo mbili.

Lakini angalia kinachotokea kwa mgonjwa. Ule weupe unaorudi jioni, ile raha ya kupepesa bila mchanga, kwa sehemu kubwa ni kazi ya steroidi. Ni ile dawa isiyoua kitu ndiyo inayokufanya ujione umepona. Mimi nilikuwa nasoma wekundu kama ugonjwa. Daktari aliusoma kama taarifa. Kwa wiki sita nilikuwa nikimnyamazisha mleta habari kila asubuhi bila kusikiliza habari yenyewe ni ipi. (Habari yenyewe, kwa wanaopenda kujua: macho makavu. Nilikuwa nakodolea kompyuta saa kumi kwa siku bila kupepesa vya kutosha. Bakteria hawakuwepo hata mmoja.)

Sasa hiyo presha. Wengi tukisikia "maji ya jicho" tunafikiria machozi, na mimi nilikuwa miongoni mwao. Kuna maji mengine ndani kabisa, nyuma ya konea, ambayo hutengenezwa mfululizo na kutoka mfululizo kupitia kichujio chembamba kilichopo kwenye kona ambapo konea inakutana na ile sehemu ya rangi ya jicho. Steroidi, kwa watu fulani, hukibadilisha kichujio hicho kikawa kizito kupitisha maji. Maji yanaendelea kutengenezwa, njia ya kutokea imebana, presha inapanda. Haiumi. Jicho linaweza kuwa jeupe na la kupendeza huku neva inayopeleka picha kwenye ubongo ikibanwa taratibu. Neva hiyo ina nyuzi zaidi ya milioni moja na zikifa hazioti tena. Uoni huanza kupotea pembeni, mahali ambapo hakuna anayepaangalia, kwa hiyo mtu huja kushtuka amechelewa. Hiyo ndiyo glakoma, na hii ya kuletwa na matone ina jina lake kabisa katika vitabu vya udaktari: glakoma ya steroidi.

Si kila mtu huitikia hivyo. Miaka ya 1960 huko Marekani, madaktari Mansour Armaly na Bernard Becker, kila mmoja kwa njia yake, waliwatia watu matone ya steroidi kwa wiki kadhaa na kupima presha zao. Walichokiona bado kinafundishwa hadi leo: takriban theluthi moja ya watu presha hupanda kwa kiasi fulani, na watu kama 4 hadi 6 katika kila 100 hupanda sana. Mwenye glakoma tayari, au mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye glakoma, yuko karibu zaidi na hatari hiyo. Vivyo hivyo mwenye kisukari, na mwenye macho ya kuona karibu tu kwa kiwango kikubwa. Watoto nao presha yao huweza kupanda haraka na juu kuliko ya watu wazima. Daktari aliponiuliza kama kuna mtu nyumbani kwetu mwenye presha ya macho, nilimkumbuka baba mkubwa na matone yake ya kila usiku. Nilikuwa nalijua jambo hilo maisha yangu yote na halikuwahi kunijia akilini kwamba linanihusu.

Kwa kawaida mabadiliko haya huchukua wiki mbili na kuendelea. Karatasi ya maelezo inayokuja na matone ya tobramaisini na deksamethasoni inasema wazi kwamba yakitumika siku 10 au zaidi, presha ya jicho ipimwe. Karatasi hiyo nilikuwa nayo. Ilikuwa imekunjwa ndani ya boksi, boksi ndani ya droo, nzima kama ilivyotoka kiwandani.

Kuna madhara mengine ya kukaa na steroidi muda mrefu, mojawapo ni mtoto wa jicho, ule ukungu wa lenzi, ambao kwa watumiaji wa steroidi hupenda kuanzia upande wa nyuma wa lenzi na kusumbua sana kwenye mwanga mkali. Huo huhitaji miezi na miaka zaidi kuliko siku, sitauzungumzia sana. Ninachotaka kukizungumzia ni ile rangi ya chungwa.

Rangi ile hujishika mahali ambapo ngozi ya juu ya konea imechubuka au imeliwa, na chini ya mwanga wa buluu mahali hapo hung'aa kijani. Daktari alikuwa akitafuta umbo mahususi: kidonda chenye matawimatawi, kama mti uliopukutika majani. Umbo hilo ni saini ya virusi vya hepesi, vilevile vinavyoleta malengelenge ya mdomoni, vikiwa vimehamia jichoni. Jicho hilo nalo huwa jekundu, hutoa machozi, huchoma. Kwa mtu anayejitazama kwenye kioo cha bafuni halina tofauti na langu. Ukilitia antibiotiki, virusi havijali. Ukilitia steroidi, umeondoa mlinzi mlangoni: kile kidonda chembamba kinaweza kutanuka, kikaingia ndani ya konea na kuacha kovu la maisha. Na ukitia vyote viwili kwa pamoja, siku ya kwanza unaweza ukajisikia nafuu.

Fangasi nao ni hivyohivyo. Mtu amechomwa na ncha ya jani au kijiti, siku chache baadaye jicho linauma na lina doa jeupe. Akipewa steroidi, fangasi hupata nafasi ya kutambaa bila kizuizi. Na hata wekundu wa kawaida kabisa, ule unaokuja pamoja na mafua na kuhamia jicho la pili baada ya siku mbili tatu, kwa watu wazima mara nyingi ni wa virusi na huondoka wenyewe. Kwa hiyo swali la "jicho ni jekundu, nitie nini" halina jibu mpaka mtu alitazame kwa kifaa kinachoonyesha kilichopo. Sikulijua hilo. Nilidhani ujuzi wa daktari uko kwenye kuchagua chupa.

Kuhusu kumaliza dozi nilikuwa na kichwa kigumu, nikiri. Tumefundishwa wote kwamba antibiotiki humalizwa. Nilimwambia daktari hivyohivyo, kwamba nilikuwa namalizia ile chupa nisije nikatengeneza usugu. Alicheka kwa mara ya kwanza. Dozi ni siku ulizoandikiwa, haiishii kwenye kitako cha chupa. Hapo ndipo zile tabia zinazopingana zinapoonekana: antibiotiki huchukia kupunjwa, steroidi huchukia kung'ang'aniwa. Tone moja kwa siku la antibiotiki ni kipimo kidogo mno cha kuua bakteria na kinatosha kabisa kuwazoesha dawa. Tone moja kwa siku la steroidi kwa wiki sita linatosha kupandisha presha. Mimi nilikuwa nimechagua ubaya wa kila upande nikauweka katika tone moja.

Alinisimamisha dawa, akanipa matone mengine ya kushusha presha kwa muda, na akaniita baada ya wiki mbili, kisha baada ya nne. Ilishuka hadi 22, halafu 17. Neva ilipigwa picha, haikuwa na dosari. Nilikuwa na bahati ya kuhitaji miwani.

Baada ya hapo mama yangu akafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na mimi, mwana mwenye rekodi mbaya kuliko wote, ndiye niliyekabidhiwa matone yake.

Wiki ya kwanza alipewa matone ya mchanganyiko kama yaleyale yangu, mara nne kwa siku. Hapa ndipo mahali pake hasa: jicho limepasuliwa, halitakiwi kuingia bakteria, na halitakiwi kuvimba. Baada ya wiki ile chupa ya mchanganyiko ikasimamishwa na akahamishiwa yenye steroidi peke yake, mara tatu kwa siku, wiki iliyofuata mbili, kisha moja. Nilifurahi kuiona ratiba ile kwa sababu sasa nilikuwa naielewa. Steroidi iliyotumika kwa wiki kadhaa hupunguzwa taratibu, ikikatwa ghafla uvimbe unaweza kurudi kwa kishindo. Antibiotiki haipunguzwi taratibu, husimama mara moja kazi ikiisha. Ndiyo maana dawa hizo zikatenganishwa. Kama mama angeendelea na chupa ya mchanganyiko huku akishuka tatu, mbili, moja, antibiotiki ingekuwa inapunjwa wiki baada ya wiki.

Siku ya kwanza tulipoteza matone manne kabla moja halijaingia. Nilikuwa nimesimama juu yake kama mtu anayerusha bomu, naye anafumba kila akiona chupa inakuja. Baada ya siku mbili tukawa na mtindo wetu. Nanawa mikono kwa sabuni, hilo kwanza. Natikisa chupa vizuri, kwa sababu dawa kama hii ni unga uliochanganywa na maji na steroidi hukaa chini. Usipotikisa, siku za mwanzo unatia maji na siku za mwisho unatia dawa kali. Mama analala chali, anaangalia dari. Ninavuta kope la chini kidogo mpaka kunatokea kifuko, na tone moja linaingia hapo. Ncha ya chupa haigusi jicho, haigusi kope, haigusi kidole changu. Ikigusa imebeba vijidudu, na kuanzia hapo kila tone linavipeleka jichoni.

Tone moja, narudia. Mama alikuwa akisisitiza niongeze la pili "ili liingie vizuri". Kifuko kile hakiwezi kubeba zaidi ya mikrolita 30 hivi, na tone la kutoka kwenye chupa lina mikrolita 30 hadi 50. Yaani hata tone moja linafurika. La pili linakwenda shavuni, au linashuka na mrija wa machozi hadi puani na kooni.

"Mbona dawa hii chungu?" mama aliuliza siku ya kwanza, akidhani nimekosea nikamtia mdomoni.

Ndiyo njia yenyewe. Kwenye kona ya ndani ya jicho, upande wa pua, kuna tundu dogo la mrija. Dawa ikipita huko inafika kooni, ukaisikia ladha, na nyingine inaingia kwenye damu moja kwa moja. Dawa ya kunywa hupitia kwenye ini kwanza, hii haipitii. Kwa mtu mzima tone la steroidi si kitu kikubwa, lakini kwa mtoto mdogo anayetiwa kwa muda mrefu ni jambo la kuhesabu. Dawa ya hilo ni kidole: ukishatia, fumba jicho polepole bila kulikaza, kisha bana kona ile ya upande wa pua kwa dakika moja au mbili. Mama tulimwambia asiguse jicho lenyewe lililopasuliwa, agandamize mfupa wa pua tu, kwa wepesi. Uchungu ukaisha, na dawa ikabaki pale ilipotakiwa.

Siku mkono wangu ulipokuwa hautulii tulitumia njia nyingine ambayo nasikia inawasaidia sana watoto. Mtu analala chali macho yamefumbwa, unadondosha tone kwenye ile kona ya ndani, kisha anafumbua na dawa inateleza yenyewe. Haina ufundi wowote. Sijui kwa nini hawaandiki hiyo kwenye boksi kwa herufi kubwa.

Mengine madogomadogo. Ukiwa na matone ya aina mbili, subiri dakika 5 kati ya moja na jingine, la sivyo la pili linaosha la kwanza. Marhamu ya kupaka hukaa mwisho, kwa sababu ikitangulia inaziba njia. Ukiona ukungu baada ya kutia, usiendeshe gari mpaka ufutike. Anayevaa lenzi za jichoni asizivae kabisa jicho likiwa na maambukizi. Vihifadhi vilivyomo kwenye matone mengi hunyonywa na lenzi laini, na hata jicho likiwa limepona, lenzi husubiri dakika 15 baada ya tone. Na chupa iliyofunguliwa huishi wiki nne tu, hata kama tarehe ya kiwandani inasema mwaka kesho. Siku ya kufungua niliandika tarehe kwa kalamu isiyofutika ubavuni mwa chupa ya mama, kwa herufi kubwa mpaka yeye mwenyewe akalalamika kwamba jina la dawa limefunikwa.

Kusoma majina nimekuwa mtaalamu wa kero. Kama umepewa matone na hujui ndani kuna nini, angalia boksi kwa mstari mdogo unaotaja viungo. Majina mengi ya steroidi huishia na -sone au -lone: dexamethasone, betamethasone, prednisolone, fluorometholone. Ukiona mojawapo pamoja na jina jingine kama tobramycin, neomycin, gentamicin au chloramphenicol, umeshika mchanganyiko. Ipo familia nyingine ya kutuliza uvimbe isiyo steroidi, kina ketorolac na diclofenac, ambazo hazina tabia ile ya kupandisha presha, ila nazo kwenye konea iliyochubuka huweza kuchelewesha kupona na kuilainisha vibaya. Mwenye mzio na neomaisini naye ana kisa chake: kope huvimba na kuwasha zaidi kila akitia, naye anaongeza matone akidhani ugonjwa umezidi. Na tafadhali soma kama imeandikwa jicho au sikio. Chupa za masikioni hufanana na hizi kama pacha.

Ukishaanza dawa, siku mbili tatu zinatosha kuona mwelekeo. Nafuu haipo, rudi. Kuna mambo ambayo hata siku mbili ni nyingi: maumivu halisi ya ndani ya jicho, mwanga kukuumiza, kuona kupungua, doa jeupe kwenye kioo cha jicho, mboni moja kuwa kubwa kuliko nyenzake, pete za rangi kuzunguka taa, kichwa na kichefuchefu juu ya jicho jekundu, au wekundu wowote kwa mtu aliyefanyiwa upasuaji karibuni au anayevaa lenzi. Huyo aende leo. Aliyeingiwa na kemikali aanze na maji safi tele, papo hapo, kabla hata ya kutafuta viatu.

Wiki tatu baada ya upasuaji wa mama, dada yangu alipiga simu. Mwanawe wa miaka minne ameamka macho mekundu yote mawili, yanatoka machozi, ana mafua tangu juzi.

"Kaka, ile chupa ya kwanza ya mama si imebaki? Hajaitumia tangu wiki ile. Nimtie mtoto tone mojamoja tu, leo ni siku ya mapumziko, kesho nitampeleka."

Nilihisi jasho. Sauti yake ilikuwa sauti yangu mbele ya droo, tofauti ni kwamba yeye alikuwa na sababu nzuri kuliko yangu: mtoto analia. Nikamweleza yale ya presha, ya watoto, ya ule mti usio na majani. Akanisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Umekuwa muoga wewe." Lakini alimpeleka siku ileile. Mtoto akatiwa rangi, akachunguliwa kwa mwanga wa buluu, akaambiwa ni virusi vya kawaida vinavyotembea na mafua. Hakuandikiwa matone ya dawa. Kitambaa safi kilicholowa maji ya baridi, macho yafutwe, kila jicho na kitambaa chake, taulo lake peke yake, mikono ioshwe sana kwa sababu ugonjwa huo huambukiza mpaka pengine wiki mbili.

"Kwa hiyo nimekaa saa tatu kwenye foleni niambiwe maji na kitambaa?"

"Ndiyo."

"Haya."

Jioni ile niliitoa chupa ya mama. Sikutaka kuimwaga kwenye sinki, nikachukua bunda la karatasi laini za kutupa na kuanza kuikamua humo, tone baada ya tone, nikihesabu kwa sauti ya chini. Mama alipita akasimama mlangoni, jicho lake jipya linang'aa kuliko la zamani.

"Unafanya nini?"

"Nahesabu."

Nilipofika 60 vidole vilikuwa vimechoka, na nikiitikisa bado naisikia inacheza.